Mkeka Juu ya Ufa

“Hakufa kwa ujinga, mama. Alikataa kushindwa.”

“Alikataa kushuka kitandani,” alisema Morsheda. “Hayo ni mambo mawili.”

Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, bata mapajani, akimnyonyoa kwa hasira kana kwamba bata naye alishiriki kuiandika riwaya ile. Binti yake Tuhina alisimama mlangoni, kitabu kakikumbatia kifuani. Walilianza jambo hilo kwenye chai ya asubuhi, na vikombe vilikwisha kuoshwa zamani.

“Mto umemvunjia nyumba maisha yake yote,” alisema Tuhina. “Anavunja, anahama, anajenga, anavunja tena. Safari hii akasema basi, sihami. Hiyo ndiyo maana ya kitabu kizima. Kwa mara ya kwanza amechagua mwenyewe.”

“Amechagua kuupa mto mabati.”

“Mama!”

“Usiniite mama kama vile sijaelewa. Nimesoma mpaka jalada la nyuma. Mwisho wote ule mwandishi anaeleza moto wa taa unavyotikisika na Golbanu anavyoimba. Na mabati yako palepale juu ya kichwa chake! Milango ipo. Kitanda cha mfenesi, alichoachiwa na bibi yake, nacho kipo. Si angeimba huku anafungua parafujo?”

Barazani, mama mkwe wake Morsheda alikuwa akikunja tambuu. Kizee hicho hakikujua kusoma, lakini kilikuwa kimeifuata riwaya kwa masikio tangu Jumatatu.

“Mabati yake yalikuwa yale mazito ya zamani,” aliuliza, “au haya mepesi ya siku hizi?”

“Kitabu hakisemi, mama.”

“Hakisemi?” Bibi alitia tambuu mdomoni, akaitafuna kwanza. “Sasa tutajuaje kama ni hasara?”

Tuhina alicheka bila kupenda, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, ng’ambo ya mto, na riwaya ilikuwa ya maktaba ya chuo. Alikuwa ameililia waziwazi, mbele ya watu, kwenye mashua.

“Mwalimu wetu anasema Golbanu ni mfano wa mtu anayedumu.”

“Anayedumu yuko wapi? Si amezama?”

“Na sisi je?”

Mkono wa Morsheda ulisimama juu ya bata. “Sisi tuna nini?”

“Jana ulikuwa unasiriba sakafu, mama. Udongo mpya, samadi mpya, mpaka ngazi za baraza. Na mto uko hapo.” Tuhina hakuonyesha kwa kidole. Mto wenyewe ulikuwa unasikika.

“Sisi tunangoja wageni,” alisema Morsheda. “Kesho baada ya sala ya Ijumaa watakuja, watakula, watakuona, wataondoka. Jumamosi asubuhi nyumba inashuka. Hiyo inaitwa mipango. Golbanu alikuwa anangoja nini?”

“Mwanawe. Arudi kutoka mjini aikute nyumba imesimama.”

“Basi si umeona,” alisema Morsheda, ingawa hata yeye mwenyewe hakujua Tuhina alitakiwa awe ameona nini. Akamgeuza bata upande wa pili.

Kitabu hakikufika mikononi mwake kwa sababu ya kupenda kusoma. Wiki ileile posa ilipopangiwa siku, alimkuta binti yake ameketi nyuma ya rundo la mabua ya juti, macho mekundu, kitabu magotini. Mama anayemkuta binti katika hali hiyo, wiki kama hiyo, hachezi. Alikichukua kitabu ili akague kuna mwanamume gani ndani yake. Mwanamume alikuwapo mmoja, mzee, ana kikohozi, na alifariki mapema. Morsheda alikuwa anatafuta mapenzi, akakuta nyumba. Akaendelea kusoma ili ajue kama ujenzi ulikuwa sahihi.

Kusoma hakukumpa shida. Alikuwa na cheti cha ualimu, na alifundisha shule ya kisiwani mpaka shule ilipochukuliwa. Mto uliichukua siku ya Jumanne, katika kipindi cha hesabu, na watoto walifurahi sana. Ilibaki kengele tu, kwa kuwa Morsheda alikuwa ameishika. Sasa hivi ilikuwa shingoni mwa ng’ombe.

Kwa hiyo alisoma huku wali unachemka, na mara moja wali uliungua, akamwambia mama mkwe kwamba mabua yalikuwa makavu mno. Alipata makosa mengi. Mwandishi alifikiri bati hutolewa kuanzia chini. Mwandishi alifikiri mtu akihama hubeba picha ya harusi kwanza, wakati kila mtu kwenye visiwa vya mto Jamuna anajua hubebwa kwanza mbegu, halafu sufuria, na picha itajijua. Lakini mlio wa ukingo unapomeguka aliupatia vizuri. Aliandika kwamba ni kama gunia la mchele likiangushwa chumba cha pili. Morsheda aliusoma mstari huo, akasubiri kidogo, na nje gunia likaanguka.

Kulikuwa na mahali pengine pia. Wakwe wa dada yake Golbanu wanakuja kumtembelea, na Golbanu anatundika kalenda ukutani kuficha ufa. Hapo Morsheda alicheka peke yake jikoni. “Mwanamke mzima,” alimwambia paka, “anauficha mto kwa kalenda.”

Nyumba yao wenyewe ilikuwa ya mabati juu na pembeni, juu ya msingi mrefu wa udongo. Ilipohamishwa mara ya kwanza, baba mkwe wake, mtu wa utaratibu, aliandika namba kwa lami juu ya kila bati ili lirudi mahali pake. Mara ya pili walihama kwenye mvua na hakuna aliyetazama namba. Baada ya hapo namba hazikuwa na kazi tena ila ya kuwafundishia watoto kuhesabu wakiwa wamelala chali, ndiyo maana Tuhina mpaka alipoanza shule aliamini kwamba baada ya nne huja kumi na saba. Mabati mengine yalioza, yakaingia mengine. Nyumba ilikuwa ileile, mtu yeyote kisiwani angekuapia, lakini hapakuwa na bati hata moja lililokaa mahali pake pa zamani. Siku nyingine Morsheda alijiona naye hivyohivyo. Halafu kulikuwa na mchele wa kupepeta.

Kuhama si aibu kisiwani. Mto ukija mtu anafungua nyumba, anaipakia, anaifunga kwingine, na majirani wanamletea ndizi. Ila posa ni jambo jingine. Upande wa mwanamume nao walikuwa watu wa visiwani zamani, lakini sasa walikaa ng’ambo, nyuma ya tuta, katika nyumba ya matofali. Kijana wao Mizanur alikuwa bwana mifugo. Alikuja kisiwani kuchanja ng’ombe, akamwona Tuhina ameshika kamba ya ng’ombe mwenye kengele ya shule, akauliza kwa nini, akajibiwa, akarudi kuchanja ng’ombe ambao walikwisha kuchanjwa. Baada ya hapo alikuja mshenga.

Mshenga aliitwa Hashmot, na alikuwa amewaambia watu wa ng’ambo kwamba familia hii imetulia na mto uko mbali. Aliposema hivyo ilikuwa kiangazi na mto kweli ulikuwa mbali. “Wale wanaogopa kitu kimoja tu,” alimwambia Morsheda akiwa ameshika kikombe cha chai. “Binti wa nyumba iliyovunjika. Wanasema ukimwoa huyo umeoa ukoo mzima. Leo unapokea bibi harusi, kesho wazazi wake wanashuka mashuani na mabati kichwani, wanauliza uwanja uko wapi.”

“Mimi nikashuke kwenye uwanja wa watu?” Morsheda alisema.

“Sijasema wewe, dada yangu. Nasema nyumba isimame. Isimame tu mpaka wamalize kula.”

Mumewe, Gofur, alitaka kuivunja Jumatatu. Alikuwa ameshika spana. Morsheda aliichukua ile spana mkononi mwake, akaiweka kwenye kikapu cha vitunguu, akasema Jumamosi. Gofur hakubisha. Kila asubuhi alikwenda kuchomeka fito ukingoni ili ajue mto umekula kiasi gani, na kila kesho yake hakuikuta fito. Alhamisi aliacha. Alisema anapoteza fito.

Alasiri hiyohiyo ya Alhamisi, Morsheda alikuwa anarudishia udongo kwenye pembe ya baraza iliyokatika, jirani yake Kohinoor akapita na mabati kichwani. Nyumba ya Kohinoor ilikuwa imeshushwa juzi.

“Mama Tuhina! Bado unasiriba tu? Mto utafurahi. Haujapata kulala kwenye sakafu safi namna hiyo.”

“Pita na mabati yako, mama Jolil. Wengine tuna wageni.”

“Hata mimi nina wageni. Kambare wamo jikoni kwangu sasa hivi.”

“Wapikie tambi.”

Kohinoor alicheka mpaka mabati yakagongana kichwani. Halafu akasimama, akatazama ile pembe ya baraza, akatazama mto, na kicheko kikamwisha.

“Mwenzangu, usingoje.”

“Ni mpaka Jumamosi tu.”

“Ndivyo nilivyosema kuhusu jiko langu,” alisema Kohinoor, akaenda zake.

Ijumaa kulipambazuka vizuri, bila mvua, jambo ambalo Morsheda alilichukulia kama kibali. Bata alikuwa ndani ya mchuzi mzito. Mikate ya unga wa mchele ilifunikwa kwa kitambaa. Bibi alikuwa amevaa sari yake nyeupe isiyo na doa la tambuu, na ameapa kutotafuna mpaka wageni waondoke, kiapo ambacho kilimfanya awe mkali kwa kila mtu. Tuhina alikuwa amekaa kitandani, wanja machoni, amekatazwa kugusa kitu chochote.

Gofur alitoka kwenda kisimani kutawadha. Alirudi bila kutawadha, akaenda jikoni, akachota jivu kwa koleo, akatoka nalo.

Morsheda alimfuata. Uani, kutoka nyuma ya jiko mpaka pembe ya nyumba, kulikuwa na ufa. Haukuwa mpana. Kidole kingeingia. Ulikuwa umepinda kwa ustadi ukalizunguka tuta la maboga, kana kwamba haukutaka kuharibu kitu. Gofur alikuwa anaujaza jivu, akirudi nyumanyuma kama mtu anayepanda mbegu.

“Jivu linaonekana,” alisema Morsheda.

“Nini hakionekani?”

Morsheda aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa mkeka wake mzuri, ule laini wenye ndege pembeni alioufuma yeye mwenyewe kabla ya kuolewa, ambao ulikuwa umehama nyumba zote bila kukaliwa. Akautandika juu ya ufa. Akausawazisha kwa kiganja.

“Na wakikaa hapo?” Gofur aliuliza.

“Hawatakaa. Mkeka mzuri watu huuzunguka.”

Walisimama wakautazama. Ndege walikuwa wakielekea upande wa mto. Gofur akasema labda ugeuzwe. Morsheda akaugeuza. Ulipendeza zaidi. Alikuwa ameshageuka kurudi kwenye mchuzi aliposikia gunia likianguka chumba cha pili, na alipotazama nyuma mkeka ulikuwa umebonyea katikati, taratibu, kama mtu mnene asiyeonekana ameketi.

Morsheda alibaki amesimama na upawa mkononi.

Alifikiria kalenda. Aliikumbuka vizuri, mwandishi alikuwa ameieleza, ilikuwa ya duka la mbolea, yenye picha ya maporomoko ya maji. Alikumbuka alivyocheka na paka alivyomtazama. Golbanu alipotundika kalenda ile alikuwa bado ana nafasi ya kutosha. Angeweza kuvunja, kupakia, na kufika kwingine jioni akapika. Hakuvunja kwa sababu wakwe wa dada yake walikuwa wanakunywa chai. Baadaye ndipo zikaja taa na nyimbo, na mwalimu wa chuo akasema anadumu. Kumbe mama wa watu alikuwa anaona haya tu. Aliona haya siku ya kwanza, akaona haya siku ya pili, na alipomaliza kuona haya maji yalikuwa mlangoni, akaimba kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya. Pengine mwandishi alilijua hilo. Pengine aliona kwamba haya haziimbiki, akaandika ushujaa.

Na watu walililia hilo mashuani.

“Baba Tuhina,” alisema, “leta ngazi.”

“Ngazi ya nini?”

“Nyumba inashuka.”

Gofur alimtazama, akautazama mkeka. “Sasa hivi? Wageni wako njiani! Hashmot kapiga simu, wameshapanda mashua. Wamewahi, wanataka kusali huku.”

“Ndiyo maana nikasema leta. Sikusema katafute.”

“Jumatatu nilishika spana, ukaninyang’anya! Ukasema Jumamosi! Nikasema sawa, Jumamosi. Sasa wageni wako katikati ya mto unasema leo. Watatukuta tumevunjikiwa.”

“Tumevunjikiwa.”

“Lakini wataona!”

“Nilikosea,” alisema Morsheda. “Leta ngazi.”

Katika ndoa yao yote Gofur hakuwahi kulisikia neno hilo la kwanza. Lilimtisha kuliko ufa. Akaenda kuleta ngazi.

Bibi alitoka barazani ameshika nguzo. “Nasikia nini? Na posa?”

“Mama, chukua tambuu zako ukakae kule kwenye mabati ya Kohinoor.”

“Nilikuwa nimeapa.”

“Kiapo kimeisha. Tafuna.”

Bibi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alipita uani na kisanduku chake cha tambuu kwapani, akauzunguka mkeka bila kuukanyaga, akashuka upande wa mashamba akisema peke yake kwamba mabati ya nyumba hii ni yale mazito, liandikwe hilo kama kuna anayeandika.

Tuhina alikuwa amesimama mlangoni na sari yake ya rangi ya manjano. Alikuwa amesikia yote. Morsheda alimwendea akasimama mbele yake, na kwa kuwa hakujua njia ya kuzunguka akauliza moja kwa moja.

“Huyo bwana mifugo, unamtaka?”

Tuhina aliinamisha macho, kama inavyotakiwa. Kisha akaona mambo yanakwenda haraka, akayainua. “Namtaka.”

“Baba yake akikuta tunavunja, anaweza kugeuza mashua palepale.”

“Najua.”

“Utafanyaje?”

“Nitalia.”

“Sawa. Lia huku umeshika ngazi. Inateleza ile.”

Tuhina alipandisha sari yake akaichomeka kiunoni. Kabla ya kutoka alirudi ndani mbio, akatoka na kitabu, akakishika hajui akiweke wapi. Mama yake alikichukua. Akafunua pipa la mchele, akakitumbukiza ndani, akalifunga kifuniko kwa goti.

“Ni mali ya watu,” alisema. “Kitarudi kikavu.”

Kiuno cha Gofur kilikuwa kimekataa mambo ya kupanda paa tangu mafuriko yale makubwa, kwa hiyo yeye alianza kufungua kuta kutoka ndani, na Morsheda akapanda. Spana ilinuka vitunguu. Paa lilikuwa limeanza kupata joto. Alikaa juu ya mgongo wa paa, mguu huku na mguu huku, akaanza na kofia ya bati inayofunika mkutano wa pande mbili, kwa sababu ndipo kazi huanzia, chochote kitakachosemwa na vitabu. Parafujo ya kwanza iligoma. Aliitukana, ikakubali. Kofia ilipotoka aliona ndani ya nyumba kutoka juu. Kitanda, sanduku lililo wazi, pipa la mchele. Kichwa cha mumewe chenye upara ambao alikuwa hajauona kutoka upande huo. Ilikuwa nyumba ndogo. Alifikiri huenda ndiyo sababu haikupata kuwachosha kuibeba.

Kutoka hapo aliuona na mto pia, wote, rangi ya chai ya maziwa. Na aliiona mashua.

Ilikuwa ya injini, imetandikwa jamvi jekundu, na ilikuwa imekwisha kukunja kona ya mchanga. Mbele alisimama Hashmot mshenga. Alikuwa amenyanyua mkono kuonyesha nyumba iliyotulia. Mkono ulibaki hewani. Kisha ukashuka, ukakwangua sikio, ukawa kama unatafuta kazi nyingine.

“Wamefika,” alisema Tuhina kutoka chini. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alikuwa analia kama alivyoahidi, na ngazi alikuwa ameishika barabara.

“Nimewaona.”

“Mama, shuka angalau uwasalimie.”

Morsheda alifikiria kushuka. Angenawa mikono, angejitanda vizuri, angesimama mlangoni aseme karibuni, na mlango ungekuwa bado upo kwa sababu Gofur hakuwa ameufikia. Wangekaa upande wa pili wa uwanja, wamle bata. Bata alikuwa tayari. Ilikuwa saa moja tu, au mbili. Aliliangalia wazo hilo akaona limevaa kalenda.

Aliuma ncha ya sari kwa meno ili isidondoke kichwani, akafungua parafujo iliyofuata.

Wageni walishuka. Kijana hakuwapo, kama ilivyo desturi. Walikuwa wajomba wawili waliojitia manukato mpaka yakapanda huko juu, na mbele yao baba yake, mzee Nizamuddin, mrefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, boksi la halua mkononi. Hashmot alikuwa akimsemesha kwenye bega kwa haraka, mambo ya ukarabati, ya paa jipya, ya watu hawa kupenda sana usafi. Mzee alifika uani. Aliuona mkeka uliobonyea, akauzunguka. Aliliona jivu lililobaki pembeni. Akamwona binti wa manjano aliyeshika ngazi, wanja umemshuka mpaka kidevuni.

“Asalaam aleikum,” alisema binti.

“Waaleikum salaam.”

Akainua macho juu ya paa, na Morsheda akatoa sari mdomoni.

“Karibu, mzee. Nisamehe, siwezi kushuka. Chakula kipo, kiko salama, mtakula. Ila bati hili limeshafunguka na mikono yangu ni miwili. Lishike upande huo. Angalia, lina makali.”

Alilisukuma. Bati liliteremka kwenye mteremko wa paa likipiga kelele, na ubavuni mwake ilionekana saba ya lami.

Mzee Nizamuddin alimpa Hashmot boksi la halua bila kumtazama. Akakunja mikono ya kanzu, mkunjo mmoja, wa pili, akajongea chini ya paa, akalipokea bati kwa viganja, si kwa vidole, jinsi wanavyopokea watu ambao wamewahi kupokea. Akaliegemeza kwenye mti wa mpapai. Akarudi, akatazama tena ule ufa kutoka mwanzo wake mpaka mwisho.

“Mmechelewa,” alisema.

“Tulikuwa tunawangoja ninyi,” alisema Morsheda, akaligeukia bati la pili.